Somo la jeni nje ya kisiwa: wanafunzi wa udaktari na magonjwa ya kurithi Mombasa

Jenetiki ya tiba ni fani ya udaktari inayoshughulikia magonjwa yanayotokana na jeni: jinsi yanavyopita kutoka kwa wazazi hadi kwa watoto, jinsi yanavyopimwa, na jinsi familia inavyoelezwa mambo yanayoihusu. Kwa kawaida somo hili hufundishwa mapema, mwaka wa kwanza au wa pili, likiwa limechanganywa na biokemia na elimu ya seli. Mwanafunzi hukariri kromosomu 46, kanuni za Mendel na herufi nne za DNA, akafanya mtihani, akapita, na somo likaishia hapo. Miaka miwili mitatu baadaye anaingia wodini akiwa amekwisha kusahau, na ndipo anapokutana na mgonjwa wake wa kwanza wa maradhi ya kurithi.

Katika mitaa ya Mombasa iliyo nje ya kisiwa, yaani Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi, kusahau huko kuna gharama. Magonjwa ya kurithi yanayoitwa adimu katika vitabu vya Ulaya hapa ni ya kila wiki. Unaoongoza ni selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita mitaani. Ugonjwa huu hubadili umbo la chembe nyekundu za damu: chembe inayopaswa kuwa ya mviringo na laini inakuwa ngumu, ikajikunja mithili ya mundu, ikaziba mishipa midogo na kufa kabla ya wakati wake.

Sababu ya selimundu kukaa Pwani iligunduliwa kwa sehemu kubwa katika Afrika Mashariki yenyewe, na ni ajabu kwamba wanafunzi wengi wa hapa huijua hadithi ya njegere za Mendel kuliko hii. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Kenya, alirudi nchini mwaka 1949 akiwa mwanafunzi wa Oxford, akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona mpangilio uliomshangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na chembe zenye uwezo wa kujikunja. Katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja kati ya mia. Palipo na mbu na malaria, jeni ilikuwapo. Palipo na baridi, haikuwapo.

Mwaka 1953 Allison alirudi kuthibitisha dhana yake. Watoto wa Uganda waliokuwa na jeni moja ya selimundu walikutwa na vimelea vichache vya malaria kuliko wenzao. Kisha wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea waliambukizwa malaria makusudi: kati ya 15 wasio na jeni hiyo, 14 walipata vimelea, kati ya 15 wenye nayo, wawili tu. Jaribio la namna hiyo lisingepita leo mbele ya kamati yoyote ya maadili ya utafiti, na mwalimu mzuri huwasimamisha wanafunzi hapo kidogo waujadili upande huo pia. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1954 na hayajapinduliwa hadi leo. Utafiti uliofanywa baadaye Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanzishwa mwaka 1989, ulionyesha kwamba mtoto mwenye jeni moja hukingwa na malaria kali kwa karibu asilimia 90.

Mpangilio aliouona Allison ulikuwa na maeneo mawili ya jeni hiyo, Pwani na Ziwa. Mitaa ya nje ya kisiwa imeyakutanisha. Likoni na Mtongwe ni kwa Wadigo. Kisauni imejaa Wagiriama, Wachonyi na Wamijikenda wengine. Jomvu ina wenyeji wake wa Kiswahili tangu zamani. Changamwe, Mikindani na Magongo nazo zilijaa watu waliokuja kufuata kazi bandarini, kwenye reli na kiwandani, na wengi wao walitoka Nyanza na Magharibi. Kijana wa Kijaluo akimwoa binti wa Kigiriama, wakwe huhangaikia mila na dini. Haiwapitikii kwamba kila upande huenda umeleta jeni ileile kutoka kwenye malaria ya kwao. Kwa mwanafunzi wa udaktari hakuna darasa la jenetiki lililo bora kuliko kliniki ya watoto ya Port Reitz au Likoni asubuhi ya Jumatatu.

Darasa hilo lina wanafunzi wa aina mbili. Wapo wa shahada ya udaktari, wanaosoma miaka sita na kisha kufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi, ambao huonekana zaidi hospitali ya Coast General, Makadara kama wenyeji wanavyoiita. Wapo pia wanafunzi wa KMTC, chuo cha serikali kilichoanza mwaka 1927, wanaosomea uafisa tabibu na uuguzi. Hawa wa pili ndio watakaokaa kwenye vituo vya afya na zahanati, na ndio watakaomwona mtoto kwanza. Fundisho la jenetiki likiwaruka wao likaishia kwa madaktari wa shahada, limewakosa wenye kulihitaji zaidi.

Mfano wa kawaida ni huu. Mama anamleta mtoto wa miezi tisa. Ana homa kidogo, analia akishikwa, na migongo ya mikono na nyayo zimevimba pande zote mbili. Mwanafunzi anafikiria malaria, au kuanguka, au mdudu. Mwalimu anamwambia abonyeze kiganja taratibu, aangalie weupe wa macho kama una manjano, kisha apapase wengu chini ya mbavu za kushoto. Uvimbe wa mikono na miguu katika umri huo, bila jeraha, mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya selimundu. Kabla ya miezi sita dalili hazionekani kwa kuwa mtoto bado ana himoglobini ya tumboni, ambayo haijikunji. Ikipungua, ugonjwa unajitokeza.

Himoglobini hiyo ya tumboni ndiyo inayowaponza wanafunzi kwenye vipimo. Kipimo cha bei nafuu cha kuangalia kama chembe zinajikunja, au kama himoglobini inayeyuka kwenye dawa, kinaweza kumtoa mtoto mchanga mzima kumbe ni mgonjwa. Tena, hata kwa mkubwa, hakitofautishi mtu mwenye jeni moja, ambaye ni mzima, na mwenye mbili, ambaye ni mgonjwa. Jibu la kuaminika hutoka kwenye kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini na kuandika AA kwa asiye na jeni hiyo, AS kwa mwenye moja, au SS kwa mwenye mbili. Siku hizi viko pia vipimo vidogo vya tone la damu ya kidole vinavyofanya kazi hiyo kwa dakika chache, hata kwa mtoto mchanga. Kosa jingine ni kumpima mtoto aliyeongezwa damu majuzi: jibu linalotoka ni la damu ya mtu mwingine. Husubiriwa kiasi cha miezi mitatu, au wapimwe wazazi kwanza.

Baada ya kipimo hufuata hesabu, na hapa ndipo wengi hukwama. Jeni inayohusika na selimundu huja mbili, moja ya baba na moja ya mama. Wazazi wakiwa wote AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, mbili za kuwa AS na moja ya kuwa AA. Njia rahisi ya kulifundisha hili ni kuwapa wanafunzi wawili sarafu ya shilingi kila mmoja, upande mmoja ukiwa A na mwingine S, mmoja awe baba na mwingine mama, warushe mara nyingi waandike matokeo. Zoezi hilo hufichua jambo ambalo jedwali la kitabuni hulificha: sarafu haina kumbukumbu. Zinaweza kutoka SS tatu mfululizo. Wazazi wengi wakiambiwa moja kati ya nne huelewa kwamba wakishampata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Mwanafunzi aliyerusha sarafu mwenyewe hawezi kuwaacha waondoke na dhana hiyo.

Hesabu ya pili ni ya mtaa mzima. Kilifi, jirani wa Kisauni, takriban watu 15 kati ya 100 ni AS. Kwa kiwango hicho, nafasi ya mume na mke wote kuwa AS, wakiwa wameoana bila kujuana hali, ni 0.15 mara 0.15, yaani asilimia 2.25. Robo ya watoto wao watakuwa SS. Inatoka karibu mtoto mmoja kati ya 180. Zahanati inayozalisha akina mama 180 itegemee mgonjwa mmoja kila baada ya idadi hiyo, awe ametambuliwa au hajatambuliwa.

Swali la tatu hupendwa na watahini na huwahusu sana wenye kuoa. Kijana mzima ana dada mwenye selimundu. Kuna uwezekano gani kwamba yeye ni AS? Wengi hujibu nusu. Jibu sahihi ni mbili kati ya tatu, kwa sababu yeye ameshaonekana si SS, na nafasi hiyo imeondoka kwenye hesabu.

Ndoa za binamu huibua mjadala mkali zaidi, maana kati ya Waswahili, Waarabu, Wasomali na baadhi ya Wahindi wa Pwani ndoa ya mtoto wa ami au wa mjomba ni jambo la heshima. Vitabu vingi huzilaumu kwa jumla. Hesabu ina busara zaidi. Binamu wa kwanza hushirikiana sehemu ya jeni za babu na bibi, hivyo kwa ugonjwa adimu, kwa mfano unaompata mtoto mmoja kati ya 40,000, ndoa yao huongeza hatari zaidi ya mara kumi. Kwa selimundu ya Pwani, ambayo jeni yake imeenea kila mahali, ongezeko halifiki hata mara mbili. Mgeni wa mbali naye huenda ni AS. Kwa hiyo ushauri wa kumwambia kijana wa Likoni akaoe nje ya ukoo ili kukwepa selimundu ni ushauri dhaifu. Apimwe, na mchumba apimwe. Kwa magonjwa adimu ya uziwi, ya misuli au ya ini, hapo ukaribu wa damu una uzito wake, na haifai kuficha.

Hesabu hizi zote husimama juu ya mchoro wa ukoo: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, wino kwa mgonjwa, nusu ya wino kwa mwenye jeni moja, mistari miwili kwa ndoa ya ndugu wa damu. Kuuchora ni kazi ya dakika kumi. Kuuliza maswali yake ni kazi ya kujifunza. Mama wa Kidigo akiulizwa ana ndugu wangapi, huenda akawataja na watoto wa mama mdogo, kwani kwao ni ndugu kweli. Mwanafunzi aliyetoka bara huwachora wote mstari mmoja na hesabu ikapotea. Aliyefundishwa vizuri huanza na shikamoo akiwa mbele ya bibi, hukaa, kisha huuliza taratibu: “Hawa wanne, mama, ni tumbo moja na wewe? Na baba ni mmoja?” Halafu hufika kwenye swali linalorukwa mara nyingi, la watoto waliotangulia mbele ya haki. Mama hawahesabu pasipo kuulizwa, na huko ndiko ugonjwa ulikojificha. Mtoto aliyefariki na homa akiwa na mwaka mmoja, mwingine aliyekuwa na manjano ya macho. Mchoro ukikamilika, mara nyingi jibu limeshaonekana kabla damu haijafika maabara.

Mchoro huohuo unaweza kufichua siri. Mtoto ni SS, mama ni AS, baba anayetajwa ni AA. Mwanafunzi mwenye haraka hufikiri mara moja juu ya uzazi wa nje. Anafundishwa kuanza na mengine: kipimo kilichokosewa, chupa zilizobadilishana, damu iliyoongezwa, au baba kuwa na jeni ya thalasemia ya beta, ugonjwa mwingine wa kurithi wa damu, ambayo ikikutana na S huleta ugonjwa unaofanana na SS huku baba akisomeka kama mtu wa kawaida kwenye kipimo duni. Na hata hayo yote yakiondolewa, daktari hana ruhusa ya kutangaza mambo hayo barazani. Majibu ya mama anaambiwa mama, ya baba anaambiwa baba. Kwenye kliniki yenye viti vya mbao vilivyopangwa ukumbini na pazia badala ya mlango, kanuni hiyo ni ngumu kuitimiza kuliko kuitaja.

Kuna lawama nyingine inayohitaji kukatwa mapema, ile inayoangushiwa mama peke yake. Ugonjwa haupatikani bila jeni ya baba. Mwanafunzi afundishwe kulisema hilo baba akiwa amekaa palepale, kwa sauti ileile anayotumia kueleza dawa.

Selimundu haiko peke yake. Thalasemia ya alfa ya aina nyepesi imo kwa zaidi ya nusu ya watu wa Kilifi, na haimdhuru mtu. Tatizo lake ni kumchanganya daktari: chembe nyekundu huwa ndogo, mwanafunzi akaona upungufu wa madini ya chuma na kuandika vidonge ambavyo havitabadili kitu. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi walionyesha jambo la kushangaza zaidi: mtoto aliyerithi thalasemia hiyo pamoja na AS hupoteza kinga ya malaria ambayo kila jeni ingempa ikiwa peke yake. Jeni mbili nzuri zikikutana zinafutana.

Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD nao ni wa Pwani, na huwapata wavulana zaidi kwa kuwa jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mwenye nao mara nyingi huishi vizuri mpaka apewe dawa isiyomfaa. Lapdap, dawa ya malaria iliyokuwa na dapsoni, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu ilivunja damu za wagonjwa wa namna hiyo. Pakiwa na haja ya kufundisha kwa nini jenetiki inahusu hata chumba cha dawa, mfano huo unatosha.

Ualbino, ugonjwa wa Down na hemofilia hupewa kipindi kimoja kimoja. Ualbino hufuata hesabu ileile ya moja kati ya nne, na ushauri wake mkubwa ni kofia, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua na miwani. Down hutokana na kromosomu 21 ya ziada, jambo lililothibitishwa mwaka 1959, na kwa kawaida hairithiwi.

Ndugu wa Pwani walio Oman wanafuatana na jeni ya selimundu pia. Uchunguzi wa mwaka 1995 ulikuta takriban asilimia 6 ya Waomani wana jeni moja ya selimundu, na utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba karibu moja ya tano ya jeni hizo ni ya aina inayoitwa ya Kibantu. Karne za merikebu na ndoa kati ya Mombasa, Unguja na Muscat zimeandikwa kwenye damu. Watafiti wa Uganda nao walipima watoto wa nchi nzima na kutoa ripoti mwaka 2016: asilimia 13.3 walikuwa AS.

Sehemu ya mwisho ya somo ni tiba, na hapo mwanafunzi hujua kwa nini alisumbuliwa na mchoro. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba mtoto wa selimundu ana hatari ya vijidudu kwenye damu mara 26 kuliko mwenzake, na nyumokokasi ndiye aliyeongoza. Kenya ilianza kutoa chanjo ya kijidudu hicho mwaka 2011. Juu ya chanjo, mtoto hupewa penisilini mara mbili kwa siku kuanzia miezi miwili hadi angalau miaka 5, kinga ya malaria, na asidi ya foliki. Mama hufundishwa kupapasa wengu nyumbani na kukimbilia hospitali homa ikipanda, bila kungoja asubuhi. Kwa mkazi wa Likoni anayepewa rufaa ya Coast General, hilo lina maana ya kuvuka feri usiku, na mwanafunzi anayetoa ushauri huo amuulize mama atasafiri vipi.

Kisha ipo hidroksiyurea. Utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Uganda na Kilifi kwa watoto 606, ukatolewa mwishoni mwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, maambukizi, malaria, haja ya kuongezwa damu, na vifo. Kabla yake wengi waliogopa kuitumia palipo na malaria. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2020 umeiweka kwenye matibabu.

Kenya ina wataalamu wachache mno wa jenetiki ya tiba, na hawatatosha kukaa kila kituo kutoka Bamburi hadi Mtongwe. Kazi itabaki kwa maafisa tabibu, wauguzi na madaktari wa kawaida. Hapo mtihani wa karatasi kwa Kiingereza haupimi kinachotakiwa. Kipimo cha haki ni kumketisha mwanafunzi mbele ya mama wa Kisauni amweleze kwa Kiswahili moja kati ya nne, bila kumtisha na bila kumdanganya, kisha mama aulizwe ameelewa nini. Asipoweza kurudia, aliyefeli ni mwanafunzi.

Upimaji wa selimundu kwa kila mtoto mchanga bado haujawa desturi katika hospitali zote za Kenya, kwa hiyo mzazi asingoje kuambiwa. Aombe kipimo cha aina ya himoglobini mtoto anapopelekwa chanjo za mwanzo, na ahakikishe jibu limeandikwa kwenye kitabu cha kliniki kwa herufi zake mbili.